Mpaka usiolala: Jinsi seli zinavyochagua kinachoingia, na kwa nini mtoto anayeharisha asinyimwe maji

Na Mwalimu Mrejea, Nyanza-Lac

NILIKUWA kwenye foleni ya Mugina, pale mpaka wa Burundi unapokutana na Manyovu ya Tanzania. Ilikuwa asubuhi ya siku ya soko na watu walikuwa wengi. Mbele yangu alisimama mama mmoja mfanyabiashara wa mawese, ambaye kijana wake mkubwa namfundisha darasani. Mgongoni alikuwa amebeba mtoto wa miaka miwili hivi.

Mtoto alikuwa amelegea. Midomo imekauka, macho yameingia ndani, na alikuwa analia bila machozi.

"Mama, mtoto ana nini?" nikamuuliza.

"Anaharisha tangu jana usiku, Mwalimu. Nimemkatalia maji. Kila nikimpa yanatoka yote. Nimesema bora tumbo lipumzike kwanza."

Msomaji, maneno hayo nilikwisha kuyasikia zamani, nikiwa mtoto, katika nyumba yetu ukimbizini. Nitaeleza baadaye yalitugharimu nini. Siku ile ya Mugina nilimshika mama yule mkono, tukaomba njia kwa waliotutangulia, tukaenda moja kwa moja kwenye duka la dawa. Tulinunua pakiti mbili za ORS na maji safi ya chupa, tukachanganya, na mtoto akaanza kunyweshwa kwa kijiko palepale kabla ya kupelekwa kwa mganga. Jioni mama yule alinipigia simu kusema mtoto amekojoa. Kwa anayejua maana yake, hiyo ni habari njema kuliko faida ya siku nzima.

Foleni haikuwa mahali pa kumfundisha mtu somo la biolojia. Alitaka kujua jambo moja tu: inakuwaje maji matupu yatoke yote, lakini maji hayohayo yakitiwa chumvi na sukari yabaki? Jibu la swali hilo limo katika kitu chembamba kupita kiasi, kinachoitwa utando wa seli. Makala haya ni somo ambalo sikupata nafasi ya kulitoa siku ile.

Nyumba ndogo zenye mlango wenye akili

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Wataalamu wanakadiria kuwa mtu mzima ana seli zipatazo trilioni 30 au zaidi. Lakini tofauti na tofali, seli ni hai. Inakula, inatoa taka, inatumia nishati, na nyingi huzaa seli nyingine.

Kila seli imezungukwa na utando. Kinachokaa ndani ya utando ndicho seli yenyewe, na kinachobaki nje ni mazingira. Utando ukipasuka, vya ndani vinamwagika na seli inakufa. Utando ukifungwa kabisa pasipite kitu, seli inakufa pia, kwa njaa na kwa taka zake mwenyewe. Kwa hiyo utando una kazi ngumu: kuzuia na kuruhusu kwa wakati mmoja.

Sisi wa mpakani hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Mpaka uliofungwa unaua soko, na mpaka usio na mlinzi unaleta balaa. Mpaka mzuri ni ule unaojua nani apite, nani asubiri, nani arudishwe, na nani alipiwe gharama ndipo avuke.

Unene wa utando huu ni kama nanomita 7 au 8. Ili mwanafunzi anielewe, huwa namwambia ashike karatasi moja ya daftari lake. Angepanga tando kama elfu kumi, moja juu ya nyingine, ndipo angefikia unene wa karatasi hiyo. Kitu chembamba kiasi hicho ndicho kinachomtenganisha aliye hai na aliyekufa.

Siri iko kwenye mafuta

Utando umetengenezwa kwa nini? Hapa wenzangu wanaouza mawese na sabuni watanielewa haraka.

Mimina mawese kwenye maji. Hata ukikoroga namna gani, ukiacha yatajitenga na kuelea juu. Mafuta na maji havikubaliani. Sasa chukua sabuni, ambayo hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali. Sabuni ina tabia mbili: upande mmoja wa chembe yake unapenda maji, upande mwingine unapenda mafuta. Ndiyo maana inaweza kushika mafuta yaliyoganda kwenye sahani na kuyaondoa kwa maji.

Mafuta yanayojenga utando wa seli, yaitwayo fosfolipidi, yana tabia inayofanana na hiyo. Kila chembe ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Ukizitia chembe hizo majini, hazihitaji fundi wa kuzipanga. Zinajipanga zenyewe katika safu mbili: vichwa vya safu moja vinatazama nje penye maji, vichwa vya safu ya pili vinatazama ndani penye maji, na mikia inajificha katikati mbali na maji. Ni kama watu waliolala usiku wa baridi katika mistari miwili, miguu kwa miguu, vichwa nje.

Ugunduzi huu ulikuja polepole. Mwishoni mwa karne ya 19, Charles Ernest Overton, akifanya kazi Zurich, aliona kuwa vitu vinavyoyeyuka katika mafuta huingia katika seli kwa urahisi kuliko vinavyoyeyuka katika maji tu. Akahisi kwamba ngozi ya seli ina asili ya mafuta. Mwaka 1925, Waholanzi wawili, Evert Gorter na François Grendel, walitoa mafuta yote katika tando za seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, na kupima eneo lake. Likawa kama mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Hesabu ilikuwa wazi: mafuta yale yalikuwa yamekaa safu mbili.

Kisha, mwaka 1972, mwaka uleule ambao wazazi wangu walivuka mpaka usiku wakiwa na sufuria moja na mkeka, Wamarekani S. Jonathan Singer na Garth Nicolson walichapisha maelezo ambayo hadi leo ndiyo msingi wa somo hili. Walisema utando si ukuta mgumu. Ni kama kimiminiko chembamba, na ndani yake protini zinaelea huku na huku, nyingine zimechomoza upande mmoja, nyingine zimepenya mpaka upande wa pili. Protini hizo ndizo malango.

Nani anapita bure, nani anahitaji lango

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la tisa aliuliza swali lililonifurahisha: "Mwalimu, kama ngozi ya seli ni mafuta, na maji hayakubaliani na mafuta, basi maji yanaingiaje?"

Ni swali ambalo liliwasumbua hata wakubwa wa sayansi kwa miaka mingi. Tulipange jibu.

Kundi la kwanza ni wapitaji wa bure. Hewa ya oksijeni, hewa chafu ya kaboni dioksaidi na pombe ni vitu vidogo vinavyopenya katikati ya mafuta bila kuomba ruhusa. Ndiyo maana unavuta hewa na damu yako inaipata mara moja. Ndiyo maana pia mtu akinywa urwarwa kabla ya kula, pombe inamfikia kichwani upesi. Hakuna lango la kuizuia.

Kundi la pili ni maji. Maji kidogo huweza kupenya kwenye mafuta, lakini kwa shida. Seli nyingi zinazohitaji maji kwa wingi, kama za figo na seli nyekundu za damu, zina malango maalumu ya maji. Mmarekani Peter Agre ndiye aliyethibitisha kuwapo kwa malango hayo mwanzoni mwa miaka ya 1990, akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Lango moja la namna hiyo linaweza kupitisha molekuli za maji zipatazo bilioni 3 kwa sekunde moja, zikiwa zimepanga mstari mmoja.

Kundi la tatu ni madini ya chumvi, kama sodiamu, potasiamu na kloridi. Haya yana chaji ya umeme na mafuta yanayakataa kabisa. Kila moja lina lango lake. Roderick MacKinnon, aliyepata tuzo ya mwaka 2003 pamoja na Agre, alionyesha jinsi lango la potasiamu lilivyojengwa hata likaweza kuipitisha potasiamu na kuizuia sodiamu, ingawa sodiamu ndiyo ndogo kwa umbo. Kwa hiyo lango haliangalii ukubwa peke yake. Linamtambua mpitaji.

Kundi la nne ni sukari na vyakula vingine vilivyosagwa na tumbo. Hivi ni vikubwa, na vinavushwa na protini zinazovibeba. Katika misuli, kwa mfano, malango mengi ya sukari hukaa yamehifadhiwa ndani ya seli mpaka homoni ya insulini kutoka kwenye kongosho itoe amri yapandishwe juu ya utando. Mgonjwa wa kisukari ana tatizo hapo: ama insulini haipo, ama amri yake haisikiki. Sukari inajaa kwenye damu, huku seli zina njaa. Ni kama malori ya unga yamejaa upande mmoja wa mpaka na watu upande wa pili hawana ugali.

Na juu ya makundi yote hayo kuna mashine moja ambayo haipumziki. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Denmark, akichunguza mishipa ya fahamu ya kaa, aligundua pampu inayotoa sodiamu nje ya seli na kuingiza potasiamu ndani. Kila mzunguko inatoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, na inalipa kwa nishati iliyotokana na chakula. Alipata Nobel mwaka 1997, miaka 40 baadaye. Kwa kazi hiyo sodiamu nje ya seli inakuwa zaidi ya mara kumi ya iliyo ndani. Ukikaa kimya bila kufanya lolote, sehemu kubwa ya chakula unachokula inatumika kuendesha pampu hizi tu.

Naomba msomaji akumbuke jambo hili la sodiamu kuwa nyingi nje na chache ndani. Ndilo litakalomwokoa mtoto.

Somo la mukeke wa chumvi

Kabla ya kufika kwenye ugonjwa, tupite ziwani. Wafanyabiashara wa samaki wanajua kuwa mukeke, ambao ndugu zetu wa Kigoma wanamwita mgebuka, akipakwa chumvi nyingi hutoa maji. Chini ya beseni unakuta maji yamejikusanya, na samaki amekakamaa. Nani aliyekamua maji hayo? Hakuna. Chumvi imeyavuta.

Sheria yake ni rahisi. Maji hupenya utando kuelekea upande ulio na chumvi au sukari nyingi zaidi. Wanasayansi wanaiita osmosisi. Ukiloweka maharage makavu kwenye maji matupu, maji yanaingia ndani na maharage yanavimba. Seli nyekundu za damu ukizitia kwenye maji matupu, maji yanaingia mpaka zinapasuka. Ndiyo maana dripu ya hospitali haiwi maji matupu. Ile ya kawaida ina chumvi gramu 9 kwa kila lita, kiasi ambacho seli za damu hazivimbi wala hazinywei.

Kwa ufupi, mwili hauna pampu ya maji. Hauna mahali popote unaposukuma maji moja kwa moja. Unachofanya ni kusogeza chumvi na sukari, na maji yanafuata yenyewe. Ukitaka maji yaingie katika damu, tanguliza chumvi. Chumvi ikitoka, maji nayo yanatoka.

Adui anayefungua lango

Utumbo mwembamba wa mtu mzima hupokea kama lita 8 au 9 za maji kila siku. Lita mbili hivi ni za chakula na vinywaji, zilizobaki ni mate na majimaji ambayo mwili wenyewe huyamwaga ili kusaga chakula. Karibu yote hurudishwa mwilini. Yanayotoka chooni kwa siku ni chini ya robo lita. Hesabu hiyo inakwenda sawasawa kila siku bila sisi kujua.

Kipindupindu kinavuruga hesabu hiyo. Sisi wa mwambao wa Tanganyika, kuanzia Nyanza-Lac, Rumonge na Bujumbura hadi Uvira na Kigoma, tunakijua. Januari 2023 serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wake kwa mara nyingine.

Watu wengi wanafikiri kijidudu cha kipindupindu kinakula utumbo. Sivyo. Kijidudu kinabaki nje, kimejishikiza juu ya seli za utumbo, na kinatoa sumu. Mwaka 1959 Sambhu Nath De wa Kolkata, India, ndiye aliyeonyesha kuwa sumu hiyo ipo. Sumu inajibandika kwenye alama fulani juu ya utando, na kipande chake kinapenya ndani. Kikiwa ndani kinaikamata swichi moja ya seli na kuigandisha upande wa kuwaka. Matokeo yake, lango la kloridi linabaki wazi bila kufungwa.

Kloridi inamiminika kutoka kwenye seli kwenda ndani ya utumbo. Sodiamu inaifuata. Na chumvi ikishatoka, maji yanafuata kwa sheria ileile ya mukeke. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa, kinyesi kikawa kama maji yaliyooshewa mchele. Ndani ya saa chache anaweza kufa. Wasipotibiwa, karibu nusu ya walioshikwa vibaya hufa. Wakitibiwa mapema, anayekufa hafiki mmoja kati ya mia.

Sasa mpe mgonjwa huyo maji matupu. Yanafika utumboni, na utumbo umejaa chumvi iliyovuja. Hakuna kitu cha kuyavuta kurudi kwenye damu. Yanatoka na mengine. Mama yule wa Mugina alikuwa ameona sawasawa kwa macho yake. Kosa lilikuwa katika uamuzi alioufanya baada ya kuona.

Lango ambalo sumu haikuligusa

Hapa ndipo palipo na habari njema. Juu ya seli za utumbo kuna lango jingine, la sukari. Agosti 1960, katika mkutano uliofanyika Prague, Mmarekani Robert Crane alieleza jinsi linavyofanya kazi. Lango hili halimpitishi mmoja peke yake. Sukari ya glukosi inavuka ikiwa imefuatana na sodiamu. Kwa kuwa sodiamu ni nyingi nje na chache ndani, ina haraka ya kuingia, na inapoingia inaiburuta sukari pamoja nayo. Baadaye ilijulikana kuwa kwa kila glukosi moja zinaingia sodiamu mbili.

Sumu ya kipindupindu hailigusi lango hilo. Hata mgonjwa akiwa hoi, lango la sukari na chumvi linaendelea kufanya kazi. Kwa hiyo ukimpa maji yenye sukari na chumvi kwa kipimo kinachofaa, vyote viwili vinavuka pamoja, na maji yanavifuata hadi kwenye damu. Sukari ikiwa peke yake haifai. Chumvi peke yake haifai. Ni kama mwenye mzigo na mwenye hati ya mzigo: kila mmoja akija peke yake anarudishwa, wakija wawili wanapita.

Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash, waliokuwa wakifanya kazi Dhaka, walionyesha kuwa wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kutibiwa kwa kunywa mchanganyiko huo, na hivyo kupunguza sana matumizi ya dripu. Wengi hawakuamini.

Waliowaaminisha ni wakimbizi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, mamilioni ya watu walikimbilia India. Katika mji wa Bongaon, karibu na mpaka, kipindupindu kiliingia kambini na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya glukosi, chumvi ya kawaida na bikaboneti, akaweka kwenye mapipa yenye bomba, na kuwaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa kama 30 kwa kila wagonjwa 100 vikashuka hadi chini ya 4. Mwaka 1978 jarida la kitabibu la Lancet liliandika kuwa huenda huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko wote wa tiba katika karne ile. Mahalanabis alifariki mwaka 2022.

Lakini dawa haifiki yenyewe. Julai 1994, kipindupindu na kuhara damu vilipowakumba wakimbizi wa Rwanda huko Goma, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Maji safi yalikuwa machache, watu walikuwa wengi mno, na msaada ulichelewa kuwafikia. Elimu ya lango la sukari ilikuwapo tayari kwa zaidi ya miaka 30. Kuna wasomaji wa ukurasa huu waliokuwapo pale. Sina la kuwaambia wasilolijua.

Swali la mama yangu

Mimi nilizaliwa Mishamo, katika makazi ya wakimbizi wa 1972 magharibi mwa Tanzania. Mwaka 1988, nikiwa na miaka minane, mdogo wangu wa miaka mitatu alishikwa na kuhara. Zahanati ilikuwa mbali na mvua ilikuwa imeharibu njia. Wazee wote wa jirani walisema neno moja: asipewe maji, tumbo lipumzike. Mama alitii. Mtoto alikuwa anaomba maji, na mimi ndiye niliyeambiwa nikae mlangoni nisimpe. Alikufa siku ya pili alfajiri.

Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Mwaka 1998, kidato cha tatu, mwalimu wetu wa biolojia alichora ubaoni safu mbili za mafuta na malango yake, kisha akaeleza habari ya sukari na chumvi kama mfano, dakika tano tu, akaendelea na mada nyingine. Mimi sikuendelea naye. Nilibaki pale ubaoni.

Tulirudi nyumbani mwaka 2008. Nilikuta somo lilelile linafundishwa kwa Kifaransa, nikaanza kujifunza upya majina ya vitu nilivyovijua. Jioni moja mama alinikuta nasahihisha madaftari, akaona mchoro wa seli, akaniuliza ni kitu gani. Nikamweleza, kwa Kirundi, polepole. Aliposikia habari ya maji, alinyamaza sana. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni mimi niliyemuua mwanangu?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia alifanya alichoambiwa na wote aliowaamini, na kwamba hakuna aliyemfundisha. Sijui kama aliniamini. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile ana kopo kabatini lenye pakiti za ORS, na mtaani kwetu mtoto akiharisha usiku, watu hubisha hodi kwake kabla ya kwenda popote.

Mambo ya kushika

Kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu wako safarini, au wanaishi mahali ambapo kituo cha afya si cha karibu, nayaandika kwa ufupi.

Pakiti ya ORS, ambayo Burundi na Congo wengi wanaijua kwa jina la serumu ya kunywa au SRO, huchanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Nyingi ni za lita moja. Usigawe pakiti nusu kwa macho, na usiongeze maji ili itoshe watu wengi. Usiongeze sukari wala chumvi.

Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo vya chai sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vimesawazishwa juu, visiwe na kilima. Onja. Yasizidi uchumvi wa machozi. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, na sukari ikizidi inavuta maji utumboni na kuzidisha kuhara. Kwa sababu hiyohiyo soda na juisi tamu za dukani si dawa.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe kama robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha anza tena kwa kijiko, polepole. Anyonye kama kawaida na ale. Mganga atampa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14.

Maji haya hayafungi kuhara papo hapo, na usikate tamaa kwa sababu hiyo. Yanarudisha kilichopotea wakati mwili unapigana. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya saa 24 umwagwe.

Ukiona mgonjwa hawezi kunywa, amepoteza fahamu, macho yameingia ndani, hakojoi, au kinyesi kina damu, usikae nyumbani. Huyo anahitaji hospitali, na huenda akahitaji dripu. Endelea kumnywesha njiani kama anaweza kumeza.

Mwisho, sabuni. Wengi walioambukizwa kipindupindu hawaugui kabisa, lakini hubeba vijidudu na kuvitoa chooni kwa siku kadhaa. Mtu mzima wa afya anaweza kuvivusha mpaka bila kujua na bila afisa yeyote kuviona. Kunawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kushika chakula kunavisimamisha. Sabuni hiyohiyo inafanya kazi kubwa zaidi kwa virusi kama vya Ebola na korona, ambavyo vimejifunika utando wa mafuta: inaupasua utando huo, na kirusi kinakufa.

Wiki iliyopita nilikutana tena na mama wa mawese pale Mugina. Mtoto alikuwa anakimbia kati ya madumu. Alifungua kibeti chake akanionyesha pakiti mbili, zimekaa pamoja na kitambulisho na karatasi za forodha. Akasema, "Mwalimu, hizi nazo sasa ni hati zangu za kusafiria."